Nyimbo kumi na moja, wenyewe watano

Bendi hii sitaitaja jina. Ugomvi wake haujapoa, na watu wake ni wa papa hapa Mombasa, tunaonana kwenye feri ya Likoni na kwenye arusi za watu. Inatosha kujua kwamba ni watano. Kuna kijana wa gitaa la umeme, mzaliwa wa Kisauni, aliyekulia kwenye kaseti za roki alizoachiwa na kakake. Kuna mpiga udi, mtu mzima wa Mji wa Kale, mlezi wake taarabu, ambaye wenziwe wote humwita Ami. Mpiga besi ni wa Rabai na bango, muziki wa dansi wa pwani, imo damuni mwake. Mpiga dramu mchana yuko bandarini kazini. Na kuna Bi, mwimbaji, ambaye sauti yake ndiyo iliyowapatia jina. Muziki wao ni roki iliyoketi juu ya ngoma na nyimbo za pwani: vugo, chakacha, mwanzele, na chochote kingine walichokisikia utotoni kikawakaa kichwani.

Walirekodi nyimbo kumi na moja katika studio moja ya mtaani, kidogo kidogo, kila fedha ilipopatikana. Kazi ilipokwisha wakashindwa kuelewana kama walicho nacho ni albamu au ni rundo la nyimbo. Kijana na Bi walitaka zitoke zote pamoja chini ya jalada moja. Ami na mpiga dramu wakakataa katakata. Mpiga besi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na sababu ambayo hakuna aliyeiuliza. Niliitwa mimi kwa kuwa kazi yangu ni kupanga muziki na kuchanganya sauti, na kwa kuwa sina udugu na yeyote kati yao.

Tulikaa kitako tukazisikiliza zote, mwanzo hadi mwisho, bila simu. Wa kwanza ni wimbo wa vugo wenye gitaa linalokwaruza. Wa pili bango, na tarumbeta juu. Wa tatu ni kijana peke yake na gitaa kavu, mtindo wa kantri ule ambao Wakenya tunaupenda bila kuweza kueleza kwa nini. Halafu rege. Halafu udi mtupu, Ami na nyuzi zake kumi na moja. Chakacha. Wimbo mmoja mrefu wa maqam Rast, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu. Mwanzele wenye kayamba. Rumba. Na mbili za mwisho ambazo sina la kuzisemea, zimejaza nafasi tu.

Ilipokatika ya mwisho Ami alisema, "Mwanangu, hii si albamu. Hii ni shoo ya hoteli, imekosa bufee tu."

Kijana hakucheka. "Ami, siku hizi nani akaa kitako asikize nyimbo zote? Mtu asikiza mmoja kwa simu, ukimpendeza atafuta mwengine."

"Basi kama hakuna asikizae zote, wazifungia zote pamoja kwa nini?"

Swali hilo ndilo kisa kizima, na kijana hakuwa na jibu lake.

Shutuma ya hoteli

Tuseme kweli, neno la Ami lina mzizi. Hoteli za kaskazini, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, na za kusini hadi Diani, ndizo zilizokuwa chuo cha wanamuziki wengi wa hapa. Huko bendi hulipwa kwa kuiridhisha kila meza. Mzee wa Kijerumani ataka Elvis, familia kutoka Nairobi yataka rege, meneja ataka chakacha saa tatu kamili wageni wavalishwe leso wacheze. Mpigaji aliyekaa kwenye kazi hiyo huijua mitindo yote mikononi. Asichofundishwa ni kuchagua, kwa sababu anayechagua ni meza.

Lakini kuchanganya kwenyewe hakukuanzia hotelini, na hapa sikukubaliana na Ami. Taarabu anayoilinda ni mchanganyiko wa tangu jadi. Juma Bhalo aliwaliza watu wa Mombasa kwa mashairi ya Kiswahili yaliyovishwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Zein l'Abdin, mtu wa Lamu aliyefanya makao Mombasa, aliushika udi kwa namna ya Kiarabu akatia ndani ngoma za kwao. Mzee Ngala aliijenga bango kwa kukutanisha vyombo vya jazi na midundo ya Mijikenda. Bendi ya Mombasa Roots iliitia chakacha kwenye disko miaka ya 1980. Bendi ya Them Mushrooms, walioanza 1972 hapa pwani kabla ya kuhamia Nairobi 1987, walipiga rege, chakacha na benga, wakashirikiana na Malika, mwimbaji wa taarabu, na Fundi Konde, mpiga gitaa wa zamani zile, na hakuna aliyewaambia wamepotea njia. Kama mitindo mingi ni dhambi, basi mji huu wote hauna msafi.

Kwa hiyo nilianza na dhana kwamba kasoro iko kwingine.

Mfano wa mbali

Kuna albamu moja niliyowasikilizisha kwa sababu kesi yake ni hii hii. Ni ya pili ya Buffalo Springfield, bendi ya roki ya kiasili iliyokuwa na makao Los Angeles, na ilitoka mwaka 1967. Ina nyimbo kumi. Mmoja ni roki ya kwaruzo, mmoja kantri, mmoja umeegemea jazi, mmoja ni wa vinanda na fidla kama wa filamu, mmoja ni wa kupiga makofi na matarumbeta ambao anayeuimba ni mpiga dramu, na mwingine ni mtu na gitaa lake tu. Ukizisikia moja moja redioni hutadhani ni watu wale wale.

Waliitengeneza katika mwaka mbaya. Nao pia walikuwa watano, watatu Wakanada na wawili Wamarekani. Mpiga besi wao, Bruce Palmer, alikamatwa kwa mambo ya dawa za kulevya na kurudishwa kwao, ikabidi watafute wa kushikilia besi. Neil Young, mmoja wa watunzi wao, aliondoka katikati, hata kwenye tamasha la Monterey la Juni 1967 hakuwapo na David Crosby wa bendi ya Byrds akasimama mahali pake, kisha akarudi. Kila mtunzi aliingia studio na wimbo wake: Stephen Stills anazo nne, Young tatu, Richie Furay tatu, na huyo Furay kwenye albamu ya kwanza hakuwa na hata mmoja. Ule wa vinanda Young aliufanya na mpangaji wa nje, Jack Nitzsche, pamoja na wapigaji wa kukodi.

Mashabiki wengi huitaja albamu hii kama kazi bora ya bendi hiyo, nami nakubaliana nao. Lakini pia ni picha ya bendi inayovunjika. Kufikia Mei 1968 walikuwa wametawanyika, na albamu yao ya tatu ilitoka baada ya bendi kufa, ikiwa imekusanywa na Jim Messina.

Kijana alifurahi kuisikia, akaona nimempa ushahidi. Ami naye akaona nimempa yeye. Nikawaambia wasikilize jambo moja dogo. Wimbo wa mwisho wa albamu ile, mrefu kuliko zote, unaanza kwa kipande cha wimbo wa kwanza, safari hii kikiimbwa na mpiga dramu juu ya kelele za umati. Mtu aliyefika mwisho anakumbushwa alikotoka. Ni hila ya sekunde chache, na inafanya kazi kuliko hotuba yoyote ya jalada. Kuna mkono ulioziangalia zile nyimbo kumi kwa pamoja, hata kama waliozipiga hawakuwa wakitazamana.

Katika nyimbo kumi na moja za Mombasa mkono huo sikuuona.

Nilichokikuta ndani ya mafaili

Niliomba nipewe rekodi zenyewe, kila chombo mbalimbali, badala ya nyimbo zilizokwisha changanywa. Hapo ndipo mambo yalipojitokeza. Katika nyimbo kumi na moja, ni tatu tu ambazo wote watano wamo. Bango alikuwa nayo mpiga besi na rafiki zake wa matarumbeta. Chakacha aliipanga mpiga dramu. Rege ilikuwa ya kijana na kompyuta: dramu za programu, besi ya programu, hata ile kayamba inayosikika kwa mbali ni ya programu, na mwenye kayamba halisi anakaa mtaa wa pili. Kila mmoja alikuja studio siku yake, akavaa vichwasikio, akapigia kliki, ule mdundo wa mashine wa kushikilia mwendo, akaenda zake.

Kwa hiyo albamu haikuwa na mitindo mingi tu, ilikuwa na bendi nyingi. Hotelini walau wote watano husimama jukwaani pamoja kutoka rumba hadi Elvis, na ndiyo maana shoo ya hoteli, pamoja na ubaya wake wote, husikika kama kitu kimoja. Ami aliposema kazi yao imekuwa kama shoo ya hoteli, kwa kweli alikuwa anaisifu bila kujua.

Nyimbo mbili zinaonyesha jambo hili vizuri, nazo ndizo tulizozifanyia kazi zaidi.

Ule wa Rast kwanza. Katika maqam hiyo sauti ya tatu ya ngazi hukaa kati na kati: iko juu ya ile ya huzuni na chini ya ile ya furaha tuliyoizoea kwenye kinanda. Udi hauna freti, vile vipande vya chuma vinavyoigawa shingo ya gitaa, kwa hiyo kidole cha Ami kinaipata mahali pake bila shida. Gitaa lina freti, na freti haina huruma, itakupa ya juu au ya chini. Kijana alikuwa amepiga kodi zake, yaani sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, zikiwa kamili, sauti ya tatu ndani, wimbo mzima. Matokeo yake kila udi uliposhuka pale pazuri, gitaa lilikuwa limekwisha kuweka lake juu kidogo, na sikio linahisi mtu amekosea bila kujua ni nani.

Fundi mitambo wa studio aliamua aliyekosea ni Ami. Akaupitisha udi kwenye programu ya kunyoosha sauti, ikaisukuma kila sauti ya Rast hadi kwenye freti ya gitaa. Ami aliposikizishwa alivua vichwasikio, akaviweka mezani taratibu, akamuuliza fundi, "Huyu apigae ni nani?" Akatoka. Ndipo ugomvi wa albamu ulipoanzia hasa, ila hakuna aliyekuwa amenieleza. Nilisimuliwa na Bi baadaye, tena kwa kupita.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tuliutoa udi kwenye programu. Kijana akaacha kupiga sauti ya tatu kabisa, akabaki na ya kwanza na ya tano, kodi tupu ambayo roki yenyewe inaipenda na ambayo haigombani na mtu. Kwa ile sehemu yake ya kupiga solo nilimpa kichupa cha dawa ya kikohozi akivae kidoleni, akiteleze juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza. Kioo hakijui freti. Katika ile albamu ya 1967 wimbo wa kantri una kitu cha jamii hiyo, gitaa lenye sahani ya chuma tumboni linalopigwa kwa kutelezesha, na aliyelipiga ni James Burton, ambaye baadaye alikuwa mpiga gitaa wa Elvis. Kijana alihangaika. Kichupa kilimtoka kikagonga sakafu, kikapasuka, tukatafuta kingine. Lakini alipokaa mkabala na Ami, magoti karibu yagusane, akawa anamtazama kidole badala ya kutazama gitaa lake, alianza kuipata sauti ile. Ami akamwambia, "Chini. Chini kidogo. Hapo. Usihame hapo." Hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, na bado kuna mahali wawili hao wanapishana kwa unywele. Nilikataa pasafishwe.

Wa vugo nao ulikuwa na tatizo la mwendo. Vugo ni ya wanawake wa arusi, wenye pembe mkononi wanazozipiga kwa vijiti, na katika rekodi hii waliitwa kina mama wanne, akiwamo shangazi yake Bi. Studio iliwawekea kliki masikioni. Wakaimba kama watoto walioambiwa wasikimbie. Tulipowarudisha bila kliki, bendi yote ikiwa nao chumba kimoja, walianza pole, na kufikia kiitikio cha tatu walikuwa wamekwisha kwenda mbele, na dramu na gitaa vikawafuata. Ukipima, wimbo unaishia kwa kasi kubwa kuliko ulivyoanza. Fundi alilalamika kwamba haitawezekana kukata kipande na kukibandika kwingine. Ndiyo, haiwezekani. Ilibidi wapige mpaka watoe moja nzima nzuri, kama watu walivyorekodi zamani.

Mle ndimo nilimoipata ile kamba ya kufungia. Nilipendekeza pembe za vugo zisikike tena kwenye nyimbo nyingine, pasipo kulazimisha: mapigo machache chini ya chakacha, zinazoingiliana vizuri kwa kuwa zote mbili huhesabiwa kwa mapigo matatumatatu, kisha zibaki peke yake kabla ya rumba, kisha zirudi mwisho wa mwanzele pamoja na kayamba. Mpiga dramu, ambaye mpaka hapo alikuwa wa upande wa "hapana", ndiye aliyelishika wazo hili na kulifikisha mbali kuliko nilivyodhani. Aliziacha msondo na chapuo zifanye kazi iliyokuwa ya dramu za kizungu katika nusu ya nyimbo, na ghafla kitu kikaanza kufanana na kitu.

Fomu

Sasa yule aliyenyamaza. Siku moja tukingoja umeme urudi, mpiga besi alinionyesha kwenye simu picha ya fomu ya kusajili nyimbo. Katika kumi na moja, tisa zilikuwa na jina la kijana peke yake kama mtunzi. Bango ilikuwemo, na melodi ya tarumbeta katika bango ile ni ya mpiga besi, aliitunga yeye. Mwanzele ilikuwemo pia. Na hata ule wimbo wa vugo, ambao bibi zetu waliuimba kabla ya kijana kuzaliwa, ulikuwa umeandikwa "mtunzi" na jina lake.

Sidhani kijana alikuwa na nia ya kuiba. Yeye ndiye aliyelipia studio mara nyingi, na kichwani mwake anayelipia ndiye mwenyewe. Watu wengi wa hapa huchanganya mambo hayo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inayatenganisha: haki ya aliyetunga ni moja, ya aliyepiga ni nyingine, na ya aliyegharimia rekodi ni ya tatu. Ndiyo maana nchini kumekuwa na vyama vitatu vya kukusanya mirabaha, MCSK upande wa watunzi, PRISK upande wa wasanii wanaopiga na kuimba, na KAMP upande wa wenye rekodi. Kijana alistahili haki ya tatu kwa sehemu kubwa, na ya kwanza kwa nyimbo zake. Haki ya mtunzi huishi miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo jina moja likikaa vibaya kwenye fomu leo, wanaogombana kesho ni wajukuu.

Kuhusu vugo, kuna Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya asili na maonyesho ya utamaduni, inayoitambua jamii yenyewe kama mwenye haki. Tuliandika "wimbo wa asili", tukataja ulikotoka, majina ya wale kina mama wanne yakaingia kwa kazi yao ya kuimba, na kijana na Ami wakaandikwa kama wapangaji. Shangazi yake Bi alitaka asomewe maneno yote kabla ya kutia sahihi, na alisomewa.

Fomu iliposahihishwa mpiga besi alifungua mdomo, akasema anaunga mkono albamu. Hakuwahi kuwa na neno na mitindo.

Walivyoamua

Zile mbili za kujaza nafasi ziliachwa bila mtu kulia. Rege ilitolewa kando itoke peke yake, kwa jina la kijana, na nadhani itapigwa sana kwenye matatu kuliko yote iliyobaki. Zikabaki nane. Vugo imefungua, bango ikafuata, na udi wa Ami umewekwa kabla ya Rast ili sikio liwe limekwisha kuzoea zile sauti za katikati gitaa lisijaliharibu. Mwanzele imefunga. Katika hizo nane, sita sasa zina wote watano.

Ile ya kantri ipo bado, nafasi ya sita. Mimi niliikataa na ningali naikataa: ni wimbo mzuri wa albamu nyingine. Bi alisimama upande wa kijana, akaongeza sauti ya pili kwenye beti la mwisho, kura zikawa nne kwa moja, na hiyo moja haikuwa hata kura kwa kuwa mimi si mwanabendi. Ami alipiga kura ya ndiyo. Nilimuuliza kwa nini, yeye aliyeanzisha habari ya bufee. Akaniambia kijana alikwenda kwake nyumbani baada ya Isha, akamuomba amsikilize akiucheza, na kwamba hakuna mtu wa studio aliyewahi kumuomba hivyo.

Fedha ya kuchapisha jalada hawajaipata. Mpiga dramu anasema mwisho wa mwezi.